Hina ya Zimwi

Sogeeni jamani, hadithi imefika na ina njaa.

Ndui ilipoingia mjini, Liwali alimfungia Mwanashali, mpakaji hina wa maharusi, katika pango la wagonjwa. Mgonjwa hakuwa, kosa lake ni kukichora kitambi cha Liwali ukutani.

“Utatoka kwa kibali changu,” alisema Liwali, “nami siandiki vibali vya watu wa pangoni.”

Upweke ukamkausha. Hina alikuwa nayo, lakini maua yalimtoroka kichwani. Ndipo likaja zimwi.

“Nitakutafuna!”

Mwanashali akakiona kiganja cha zimwi, kipana kama sinia, hakijachorwa tangu kuumbwa. Maua yote yakamrudia.

“Ngoja kwanza, babu, nikupambe.” Akachora mkono wa kulia.

“Nitakutafuna!”

Akachora wa kushoto.

“Nitakutafuna!”

“Utanishika kwa mkono upi? Hina bado mbichi, itaharibika. Bibi harusi hulishwa, babu.”

Zimwi likaitazama mikono yake, likaona haya. “Nani atanilisha?”

“Liwali. Ana mikono laini.”

Liwali alipoliona mlangoni pake akadai kibali. Zimwi likafunua kinywa. Akalilisha mkate, akalilisha mbuzi, chakula kikaisha. Likaumeza mkono uliolisha, kisha mwenye mkono.

Hina haikuharibika hata ua moja. Mwanashali akatoka bila kibali, na hadithi imeshiba.