Kinywa cha Kwanza

Tegeni masikio, wajukuu, nami nitege kumbukumbu. Kale ya kale, milima ya Upare ilipokuwa ingali ikiitana kwa majina, alikuwako Msechu, babu wa babu yangu.

Wengine watawaambia alikuwa mrefu. Hakuwa. Alikuwa mfupi kama mimi, mwenye sauti kubwa kama mimi, na akili yake ilifika baada ya sauti, kama yangu. Huo ndio ukoo wetu. Msinicheke, nanyi mmo.

Msechu aliamua kesi kijijini. Akaamua kwa sauti, akaamua kwa haraka, mpaka sifa zake zikapanda mlima. Wazee wakamwita akakae Baraza la Juu, walikokwenda walioshindwa chini ili hukumu zao zitazamwe upya.

Baraza hilo lilikuwa na desturi. Jina la mwamuzi wa chini halikutajwa, asije akaogopwa wala akaonewa. Aliitwa kinywa cha kwanza, basi. Na hukumu yake ikitenguliwa, yeye mwenyewe hushika jembe akatengeneza alichoharibu, watu wakimtazama.

Siku moja akapanda mjane, jina lake Nakunda.

"Baba Msechu, maharage yangu yananyauka. Siku niliyomzika mume wangu sikwenda bwawani kufungua maji. Nikanyang'anywa zamu, mfereji wangu ukafukiwa. Yakikauka, wanangu watakula nini?"

"Kinywa cha kwanza kilisemaje?"

"Kilisema, asiyekuja hana kiu."

Msechu akaruka kitini. "Asiyekuja hana kiu! Mpumbavu gani huyo? Alilelewa na mbuzi?"

Watu wakatazamana.

"Hata mbuzi wangemfukuza! Ni nani?"

"Baba," akasema Nakunda, "nifuate desturi au nikujibu?"

Mzee Kigono, aliyekaa kando ya Msechu, akakohoa. Akakohoa tena. Ndiyo, wajukuu, kikohozi kile kile. Bibi yenu hunikoholea hivyo mbele ya wageni.

Ndipo Msechu akakumbuka. Ilikuwa kesi yake ya mwisho kijijini, na ngoma ya kumuaga ilikuwa imeshaanza kulia.

Angeweza kusema hukumu ibaki. Jina lisingetajwa, na aibu isingekuwa na mwenyewe. Akamtazama Nakunda. Nakunda hakumtazama, macho yake yalikuwa bondeni, shamba lake lilikokuwa likigeuka manjano.

"Hukumu imetenguliwa," akasema Msechu, na kwa mara ya kwanza akasema polepole. "Zamu yake irudi leo."

"Tumtume nani akakiite kinywa cha kwanza?" akauliza Kigono, uso mkavu.

"Msihangaike. Nipeni jembe."

Akashuka, watu nyuma yake. Akachimba huku kasimama wima, jembe likiruka, akiukemea udongo.

"Inama, baba!" akasema Nakunda. "Udongo hauna masikio."

Akainama. Akachimba, akachimba, mpaka maji yakaja, yakampita miguuni, yakaingia kwenye maharage.

Basi, wajukuu: kabla hujamwita mtu mpumbavu, jiulize siku ile wewe ulikuwa wapi. Sisi wa ukoo huu hupenda kujisifu kwamba babu yetu alimwangusha mpumbavu mkubwa kuliko wote milimani. Ni kweli tupu. Mkiulizwa zaidi, semeni mnaitwa nyumbani.

Kisa kimenitoka, kimewaingia, kikiwawasha, jikuneni.