Mkuki Usiovuka Mpaka

Watu wa Uwiri walikuwa wameapa kwamba mkuki wao hautavuka mpaka kamwe, wakabaki na walinzi arobaini tu. Ndiyo maana chifu wa jirani, Mangi Ngarito, alipojitwalia migomba yao yote kuanzia kijitoni hadi langoni, hakuna aliyemfukuza.

Siku moja akaja langoni na wazee wake.

"Hao si walinzi, ni jeshi la kushambulia," alisema. "Leteni mikuki yote."

Bibi Ndeshi, msemaji wa Uwiri, alimpokea kwa kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi.

"Tupime mbele ya wazee, Mangi. Wewe simama kwenye ardhi yako, Ndekirwa arushe mkuki kwa nguvu zake zote. Ukikugusa, tumevunja kiapo, na mikuki yote ni yako."

Mangi alimtazama Ndekirwa, mlinzi mwenye mikono minene kama migomba. Akaweka kibuyu chini, akarudi nyuma hatua kumi.

"Hapo ni kwako?" aliuliza Bibi Ndeshi.

"Ngoja kidogo."

Akaipita migomba ya karibu, akaipita ya mbali, akavuka kijito akiwa ameshika viatu mkononi.

"Hapa," alipaza sauti. "Ardhi yangu inaanzia hapa."

"Wazee, mmesikia?"

"Tumesikia," walijibu wazee wake mwenyewe.

Bibi Ndeshi akamwambia Ndekirwa aweke mkuki chini. Kisha akatoa kwenye kanga yake mche wa sale, mmea wa mpaka ambao hakuna anayethubutu kuung'oa, akaenda kuupanda miguuni pa Mangi.

"Mbege yako imebaki kwetu," alisema. "Ukiitaka, piga hodi."