Ukuta Uliotoka Jasho

Hapo zamani, enzi ambazo Sultani akikohoa mji mzima husafisha koo, alikuwapo Sultani Zahran, aliyechoka kupita jikoni kila aendapo barazani, kwa kuwa harufu ya vitunguu ilimfuata hadi kilembani. Basi akajengewa ngazi ya mawe nje ya nyumba, ikabanwa kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala. Masika ya kwanza tu, chokaa ikabanduka na ukungu ukaota hata kwenye foronya. Wakubwa wa baraza wakasema ukuta unatoka jasho kwa heshima ya Sultani. Sultani akafurahi, lakini mgongo ukamuuma.

Ikawa ngazi ile ikabomolewa, akaitwa Ngwali, mwashi fukara asiye na mali ila mwiko wake na ulimi wake.

"Ewe Ngwali," akasema Sultani, "nijengee ngazi mpya. Iambatane na ukuta, hata ukucha usipite katikati, maana Waziri Harith asema kuacha nafasi ni dalili ya ugomvi nyumbani. Na chumba changu kiwe kikavu. Ukishindwa lolote katika hayo, utakatwa mkono."

Ngwali akaingiwa na hofu, kwani mwashi wa mkono mmoja ni ombaomba. Hata hivyo akajibu, "Nimesikia na nimetii, bwana wangu. Ila niruhusu nijaribu kwanza, siku ya mvua, hapa hapa barazani. Mimi nitakuwa ngazi, na Waziri awe ukuta."

Sultani akacheka, akakubali. Waziri hakucheka.

Basi mvua iliponyesha, Ngwali akasimama chini ya michirizi ya paa mpaka akalowa chapachapa, kisha akaingia akaketi nyuma ya Waziri, mgongo kwa mgongo. Maji yakapenya joho, yakapenya kanzu, yakafika mahali ambapo Waziri asingependa patajwe. Akajikaza kwa ajili ya cheo chake, mwishowe akasogea.

"Mbona wasogea?" akauliza Sultani.

"Bwana wangu, mtu huyu ananilowesha."

Ngwali akatanua vidole akapima kati yao, akapata shubiri moja kamili.

"Waziri ana miguu, bwana wangu, ndiyo maana amesogea. Ukuta wako hauna. Basi na isogee ngazi, shubiri hiyo hiyo, isimame juu ya msingi wake yenyewe, na vidato viinamie uani ili mvua ikimbilie huko."

Sultani akacheka mpaka akaushika mgongo wake mbovu.

Ngazi ikajengwa hivyo, na masika yaliyofuata Sultani akalala pakavu. Mpiga mbiu akazunguka mjini akitangaza kwamba Sultani, kwa hekima yake, amevumbua nafasi, na Waziri akathibitisha kwa kiapo. Watu wakashangilia. Ngwali naye akapiga makofi, kwa mikono yote miwili.