Kipimo cha Wodi ya Watoto Wachanga

Wapendwa, hebu tumtazame fundi mmoja. Kazi yake ilikuwa kuhakiki vipimo vya oksijeni hospitalini, vile vidude vya ukutani vinavyoonyesha hewa kiasi gani inamwendea mgonjwa. Kazi aliijua, tena sana.

Alijua pia ukorofi wa vidude hivyo. Hewa ikipungua nusu, ishara ya umeme iliyomo ndani haipungui nusu, inakwenda kivyake. Ndiyo maana kila kipimo hulinganishwa na kingine cha uhakika, hatua kwa hatua, kuanzia hewa nyingi hadi ile ndogo kabisa. Na kule chini ndiko kunakochosha. Unasubiri namba itulie, unarekebisha, unasubiri tena.

Siku hiyo fundi alikuwa na haraka, wodi zilikuwa bado nyingi. Alipofika kwa watoto wachanga alifungua hewa nyingi, namba zikalingana. Akapunguza kidogo, zikalingana. Akabandika kibandiko cha kijani, yaani kipimo kiko sawa.

Muuguzi akamuuliza, "Na huku chini, fundi? Watoto wangu wanavuta kidogo sana."

"Dada, juu kuko sawa. Chini kutafuata tu."

Je, alidanganya? Kila alichokipima kilikuwa kweli.

Wiki ile ile mtoto mmoja aliwekwa kwenye kipimo hicho. Kikasoma nusu lita kwa dakika. Muuguzi akatazama namba, akatazama kibandiko, akaamini. Midomo ya mtoto ilipoanza kuwa ya bluu, walidhani ni ugonjwa umezidi. Hadi wanakuja kubadilisha kipimo, mtoto ameshakata roho.

Fundi akaitwa. Mama mtu alikuwa bado amekaa pale, kanga ya kumbebea mwanawe ameikunja mapajani. Fundi akaunganisha kipimo chake cha uhakika, akafungua hewa nyingi mbele ya wote, namba zikalingana. Moyo ukamtulia.

"Mnaona? Hakina kosa."

Mama akauliza taratibu, "Baba, mwanangu alikuwa akivuta hewa yote hiyo?"

Fundi akaanza kupunguza. Lita mbili. Moja. Nusu. Kipimo cha ukutani kilisema nusu. Kile cha uhakika kilikuwa karibu na sifuri. Akafunga koki, akakibandua kile kibandiko cha kijani.

Sasa msiharakishe kumhukumu. Sisi tunajipima wapi? Tunajipima msibani, penye turubai na watu, ambako kila mtu ana machozi na kila mtu anatoa. Tunajipima hapa kanisani, nyimbo zikiwa zimepamba moto. Tunajiona tuko sawa, tunaondoka tumeridhika. Lakini Jumanne jioni, mama yako mzee akiomba maji mara ya tatu, anapata nini kutoka kwako? Mkeo akianza kusimulia siku yake nawe umeshika simu, anapata nini?

Wanaoishi kwa upendo wetu hawaishi kwa ule wa siku kubwa. Wanaishi kwa huu mdogo, wa kila siku, ambao hatujawahi kuupima. Inaniogopesha, ndugu zangu.

Msiniitikie Amina. Kuna mtu nyumbani kwako amekuwa kimya siku hizi, nawe unasema ametulia. Nenda ukamwangalie kama bado anapumua.