Mbeba Jiwe Haulizwi Kadi

Mbeba jiwe haulizwi kadi. Mmemsikia mlinzi wa ukumbini akisema, mkaja mbio kuniuliza. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na mjinga wa kisa chenyewe ni mimi babu yenu, msinicheke.

Chuo cha Ilondo kilipotaka ukumbi, wafadhili walikubali kutoa saruji, mabati na mafundi, kwa sharti moja: mawe yatoke kwa wananchi. Kila kaya ikapangiwa madebe arobaini kutoka mtoni. Wanawake ndio waliobeba, kichwani, kilima chote kile. Ukumbi ulipokwisha, majina ya wafadhili yakachongwa mlangoni. Ya wanakijiji? Thubutu! Mimi niliajiriwa ulinzi miaka mingi baadaye, nikaukuta ukuta umesimama. Sikujiuliza umetoka wapi.

Siku ya mahafali tuliambiwa asiye na kadi haingii. Akaja mama mmoja amevaa kitenge kipya, miguu imejaa vumbi.

"Kadi, mama?"

"Sina, baba. Mwanangu alipewa moja tu, nikamwambia ampe mjomba wake aliyemsomesha. Nilidhani nitaweza kukaa nyumbani. Moyo umekataa."

"Sheria ni sheria, mama. Rudi."

Hakubishana. Alisogea pembeni, akaweka kiganja ukutani, machozi yakamtoka. Mimi machozi ya watu hunichanganya, nikawa mkali: "Sasa huo ukuta unakuhusu nini?"

"Nilibeba mawe yake nikiwa na mimba ya huyuhuyu Tumpale Mwasomola anayehitimu leo. Debe la arobaini uchungu ulinishika pale mteremkoni. Nikalitua, nikajifungua, wifi yangu akalifikisha." Akajifuta uso. "Ndani wamefika jina la nani, baba?"

Jamani! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kipaza sauti kilikuwa kinawaita akina Mwaipopo, na binti yake, Mwasomola, alikuwa karibu kufikiwa. Nikafungua mlango.

Mkuu wetu wa ulinzi akanidaka. "Kadi yake iko wapi? Kazi unaitaka au huitaki?"

Nilikuwa na watoto wanne wanaosoma. Nikamjibu: "Afande, mbeba jiwe haulizwi kadi. Ukumbi huu kaujenga yeye."

Mkuu alimtazama yule mama. Mkuu naye alikuwa mzaliwa wa kijiji hichohicho, na mama yake mzazi aliyabeba mawe hayo. Akatupisha.

"Tumpale Mwasomola!"

Mama akapiga kigelegele ambacho sijawahi kusikia tena. Binti, joho na kofia yake, akageuka. Badala ya kwenda jukwaani akaja mbio mlangoni, akamkumbatia mama yake, ukumbi mzima ukasimama ukipiga makofi. Nililia, kwa nini niwafiche?

Kazi sikufukuzwa. Na tangu siku ile, bibi yeyote wa kijijini akifika pale akianza kupekua mkoba wake kwa wasiwasi, mlinzi humshika mkono akamwambia, ingia mama, mbeba jiwe haulizwi kadi.