Kiboko Anayeogopa Maji

Hapo zamani za kale, na msiniulize mwaka gani maana hata mimi sikuwapo, wanyama walikuwa na simu. Ndiyo, simu. Twiga alikuwa nayo, panya alikuwa nayo, hata konokono alikuwa nayo, ila yeye ukimtumia salamu za Idi hii alikujibu Idi ijayo. Haya, tulieni nisimulie.

Ndani ya simu zile kulikuwa na mahali palipoitwa Kibarazani. Ukifungua simu, umekaa Kibarazani pamoja na nyika nzima: unatazama picha, unasoma maneno ya wenzako, unaongeza ya kwako. Mwenye Kibarazani alikuwa Fisi. Yeye hakujali kama kinachosemwa ni kweli au uongo. Alichotaka ni macho. Kadiri wanyama walivyokodoa macho ndivyo tumbo lake lilivyojaa, na nyinyi wenyewe mnajua watu hukodolea macho nini. Si habari za aliyeamka salama.

Mwaka huo jua liliwaka vibaya. Mto ukabaki tope, na maji ya kunywa yakawa kwenye chemchemi moja tu. Sheria yake ilikuwa rahisi: unakunywa kwa ulimi, mguu huingizi. Kila asubuhi na alasiri wanyama walipanga foleni, wakubwa kwa wadogo, wakanywa kwa heshima na kwenda zao.

Katika foleni hiyo alikuwamo msichana wa Swala aitwaye Zamda. Mtoto mpole, tena mwenye sauti nzuri. Foleni ikiwa ndefu aliwaimbia wenzake, nao wakasahau kiu. Basi siku moja ikatokea picha Kibarazani: Zamda amesimama katikati ya chemchemi, miguu yote minne ndani, maji yamegeuka tope, naye anacheka.

Picha ilikuwa ya kutengenezwa. Mtundu mmoja, hadi leo hajulikani ni nani, alichukua sura ya Zamda akiwa harusini kwa shangazi yake, akaibandika kwenye mwili wa mwingine. Lakini nani alikuwa na muda wa kuuliza? Kufika saa nne nyika nzima ilikuwa imeshaiona na kuitumia kwa jirani.

Kesho yake Zamda alipofika kwenye foleni, wenzake walisogea pembeni. Aliponyanyua kichwa baada ya kunywa, aliyekuwa nyuma yake akasema kwa sauti kwamba yeye hatii mdomo pale mpaka maji yajisafishe. Watoto wakamwita Miguu Minne, kana kwamba wao walikuwa na miwili. Siku iliyofuata hakuja. Wala siku ya tatu. Alijificha kichakani akalamba umande wa majani, na umande wa kiangazi ni kiasi gani? Mama yake alimletea maji kwenye kibuyu, akayakataa, akasema akiyanywa watasema ameyaiba. Siku ya tano mbavu zake zilikuwa zinahesabika. Inaniuma hata kuisimulia.

Mama Zamda alikwenda kwa Fisi. Fisi akampokea vizuri, akampa kiti, akamwambia malalamiko yake yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Picha ikabaki pale pale. Akaenda tena, akaambiwa hakuna sheria inayomlazimisha Fisi kuondoa kitu. Hapo ndipo alipopanda majabali kwenda kumwona mbunge wake, Mheshimiwa Bi Pimbi.

Pimbi mnamjua? Ni mnyama mdogo, ukimtazama haraka utadhani sungura aliyesahau masikio nyumbani. Bungeni hakukuwa na mdogo kuliko yeye. Akitaka kuzungumza alipanda kigoda ili akifikie kipaza sauti. Lakini kichwa chake kilikuwa kinachemka muda wote. Alimsikiliza yule mama mpaka mwisho, akamfuta machozi kwa pindo la kanga yake, akasema, "Dada, nguvu ya kumng'oa Fisi mimi sina. Ila nina kiti Bungeni. Nipe siku mbili."

Akaandika muswada mfupi, ukurasa mmoja tu. Ulisema hivi: mwenye kusingiziwa Kibarazani akilalamika, aliyesema athibitishe, na akishindwa, Fisi akifute kitu hicho siku ile ile. Basi.

Bunge likaketi. Spika alikuwa Mama Tembo, mwenye miwani mikubwa na subira kubwa zaidi. Aliyeongoza upinzani dhidi ya muswada alikuwa Mheshimiwa Kiboko, mbunge wa Mtoni, amevaa suti ya vipande vitatu na tai isiyoonekana, maana shingo yenyewe haikuonekana. Sasa msimchukie Kiboko. Hakuwa mbaya. Alikuwa tu mvivu wa kufikiria jambo ambalo halijamgusa, na wa namna hiyo ni wengi, wengine wamekaa hapa hapa wananisikiliza.

Kiboko alisema maneno ni maneno tu, mwenye kuumia azime simu. Akasema mambo ya Kibarazani ni mengi kama siafu, nani atakaa ayafute? Akaongeza kwamba watoto wa siku hizi wamelegea. Yeye alitaniwa tangu utotoni na angalieni alivyonenepa. Waheshimiwa wakagonga meza, pa pa pa! Mmoja baada ya mwingine wakasimama kusema wanamuunga mkono Kiboko asilimia mia moja, na nakala za muswada mezani kwao zilikuwa bado zimefungwa kwa uzi.

Ni Mheshimiwa Kanga peke yake, yule ndege wa madoadoa, aliyekuwa na wasiwasi wa kweli. Alikumbusha kwamba mwezi uliopita yeye ndiye aliyesema Kibarazani kuwa jamaa za Simba wanaruka foleni ya chemchemi, na ilikuwa kweli tupu. Je, sheria hii haitamziba mdomo? Bi Pimbi akamwambia hilo ndilo swali zuri kuliko yote siku hiyo, na jibu lake ni kwamba lenye ushahidi halifutwi, liwe linamhusu Simba au sisimizi. Kanga akakaa, bado anawaza.

Spika akaahirisha kikao, kura zikapangwa kesho yake saa tano asubuhi. Bi Pimbi alihesabu vichwa akaona atashindwa, tena kwa aibu. Akipita kichakani kurudi nyumbani alimwita Zamda. Mtoto alifungua macho, akajaribu kuinuka kumsalimia mkubwa, akashindwa. Siku moja au mbili zaidi zingemmaliza. Bi Pimbi akaketi kando yake, na katika kuketi huko akapata wazo.

Sikilizeni vizuri hapa. Bunge lile lilikuwa na kanuni ya siku nyingi. Mbunge akimsingizia mwenzake ndani ya ukumbi, aliyesingiziwa husimama na kudai kauli ithibitishwe au ifutwe. Spika humwita msemaji mara tatu. Akikataa mara ya tatu, Nyati, askari wa Bunge, humbeba nje, na muswada wake hufia hapo hapo. Kila neno liliandikwa na Nungunungu, aliyechomoa kalamu mgongoni mwake mwenyewe, ndiyo sababu alichukia sana hotuba ndefu.

Kesho yake saa tano Bi Pimbi akapanda kigoda. Juu, kwenye viti vya wageni, Mama Zamda alikuwa amekaa ameshika shavu. Kikao kilirushwa moja kwa moja Kibarazani, kama siku zote.

"Mheshimiwa Spika," akasema Bi Pimbi kwa upole, "kabla ya kura ningependa nyika ijue siri moja. Mheshimiwa Kiboko anaogopa maji."

Ukumbi ukalipuka. Nyani alicheka mpaka akaingia chini ya meza. Bi Pimbi hakucheka. Aliendelea taratibu kueleza kwamba enzi mto ulipokuwa mto, Mheshimiwa aliingia akiwa amefumba macho, ameshikwa mkono na kambare wawili, na kwamba siku moja aliona wimbi akamrukia chura mgongoni. Meza zikagongwa, pa pa pa pa! Dakika haijaisha, simu zikaanza kulia ukumbini, ti ti ti, na Kibarazani kumeshatokea picha ya Kiboko amekumbatia gogo huku analia.

Simu ya Kiboko ikatetemeka mfukoni. Vrrr. Akaitazama, akairudisha. Vrrr, vrrr. Akaisoma tena, na safari hii uso wake ukabadilika. Akasimama akiomba utaratibu, akamtaka Bi Pimbi athibitishe au afute kauli.

Spika akamwita mara ya kwanza. Bi Pimbi akajibu, "Mheshimiwa Spika, maneno ni maneno tu. Mwenye kuumia azime simu."

Spika akavua miwani, akamwita mara ya pili, na sauti yake haikuwa na mchezo. Bi Pimbi akasema maneno yenyewe yameshakuwa mengi kama siafu, nani atakaa ayafute? Nyati akaanza kushuka ngazi, du, du, du. Mama Zamda akafumba macho. Bi Pimbi naye alijua anachocheza nacho, maana akitolewa nje ndiyo basi, na kichakani mtoto hana siku nyingine ya kungoja.

"Nina swali moja tu, Spika wangu," akasema. "Haraka ya nini? Tuiache siku tano, itapoa yenyewe."

"Siku tano?" Kiboko alikuwa anahema. "Mwanangu yuko shuleni sasa hivi. Ameniandikia. Wenzake wamemsukuma kwenye tope, wanamwambia akamfundishe baba yake kuingia majini. Anataka nimtoe shule. Amekosa nini yule mtoto? Maneno haya yakilala hata siku moja yatazeeka naye. Nyinyi mnaocheka hapa hamuoni anavyolia kule. Yafutwe leo, yafutwe sasa hivi!"

Hakuna aliyegonga meza. Nyani alitoka chini polepole akakaa kwenye kiti chake, hajui aweke wapi mikono.

Spika akamwita Bi Pimbi mara ya tatu. Nyati alikuwa ameshamfikia, amenyoosha mkono.

"Nafuta kauli," akasema Bi Pimbi. "Ni uongo niliotunga leo asubuhi nikipiga mswaki. Nisamehe, Mheshimiwa Kiboko, na mwanao nitakwenda mwenyewe shuleni kumwomba radhi mbele ya wenzake. Ila namwomba Nungunungu asifute uliyoyasema wewe. Mimi sina hotuba nyingine ya kutetea muswada wangu. Hotuba ndiyo hiyo."

Nungunungu alikuwa ameshaandika lote, kalamu tatu zimekwisha, na hakunung'unika.

Kiboko hakukaa. Alinyanyua macho kwenye viti vya wageni, akamwona Mama Zamda. Kisha akauliza, "Wa kwako ana umri gani, mama?"

Wageni hawaruhusiwi kusema neno Bungeni. Lakini siku hiyo Mama Tembo alijifanya anatafuta miwani aliyoishika mkononi.

"Rika moja na wako, Mheshimiwa. Leo siku ya saba hajanywa."

Kura zikapigwa. Wanaoafiki waseme ndiyo: ndiyo ya Kiboko ilitikisa madirisha, na ya Kanga ikafuata. Wasioafiki waseme siyo: kikasikika kikohozi kimoja huko nyuma, cha mheshimiwa mmoja ambaye Fisi ni mjomba wake. Muswada ukapita. Na Fisi, aliyesema kila siku kwamba kazi ya kufuta haiwezekani, akaifuta picha ya Zamda kabla chai yake haijapoa, na ya gogo pia.

Alasiri hiyo Mama Zamda na Bi Pimbi walimleta mtoto kwenye chemchemi, wamemshika huku na huku. Kwenye simu picha haikuwapo tena. Vichwani, bado. Watoto wakatazamana. Zamda alipobakiza hatua chache akasimama, akamwambia mama yake warudi.

Aliyekuwa mbele kabisa ya foleni ni Kiboko, na mwanawe nyuma yake, bado ana tope kichwani. Kiboko akasogea. "Pita, mwanangu," akamwambia Zamda. "Zamu hii ni yako."

Zamda akainama akanywa. Alikunywa muda mrefu. Alipoinua kichwa, Kiboko akapiga magoti na suti yake ya vipande vitatu, akautia mdomo wake mkubwa pale pale mtoto alipoutoa, akanywa mbele ya wote, glu, glu, glu. Mwanawe akainama naye akanywa, kisha wa nyuma yake, kisha wa nyuma yake.

Yangu yamekwisha, nanyi myachukue haya: kabla hujasema aibu ya mtoto wa mwenzako ni jambo dogo, mvike kwanza mwanao.