Mpangaji Mpya wa Mzee Pazi

Chausiku alipotaka kuhama, mwenye nyumba, Mzee Pazi, akaifungia cherehani yake stoo.

"Huichukui mpaka uniletee mpangaji mwingine," alifoka uani, tumbo wazi, taulo kiunoni, kama kawaida yake. "Awe mama mtu mzima, msafi, asiye na watoto wa kulialia."

"Yupo, mzee. Ila huyo akiingia hatoki."

"Huyohuyo namtaka!"

Jioni mkokoteni ulileta kitanda na godoro. Mzee Pazi alipoviona tu, akaitoa cherehani. Chausiku akajitwika, huyoo!

Mwenye godoro akapiga hodi. Mzee Pazi alichungulia, akarukia nyuma ya pipa la maji na taulo lake.

"Shikamoo, mama mkwe," alisema hukohuko.

"Marahaba, baba. Chausiku kaniambia ulivyosisitiza nisihame tena. Mkeo nimeshamweleza, analia kwa furaha."